Maneno 'picha' na 'skani' yanavyomnyima mgonjwa maarifa

Mtu akitoka hospitalini Ntimaru, Kehancha au Migori mjini, ukimuuliza alifanyiwa nini, aghalabu jibu huwa fupi: "Nimepigwa picha." Ukimdadisi ni picha gani, atakwambia, "Ya kifua," au "Ya tumbo," au "Si ni skani tu!" Ametaja sehemu ya mwili iliyopimwa. Hajataja kilichopita ndani ya mwili huo, na pengine hakijui, kwa kuwa neno alilopewa halimwambii.

Katika makala haya nakusudia kuhakiki maneno hayo mawili, 'picha' na 'skani', jinsi yanavyotumika katika Kiswahili cha hospitali zetu. Hoja yangu ni kwamba yamekusanya chini ya jina moja mitambo ambayo kifizikia haina udugu, na kwamba mkusanyiko huo unaweza kumdhuru mgonjwa. Nitaonyesha pia kwamba kasoro hii haitibiki kwa kuongeza maneno ya mkopo wala kwa kubuni istilahi nzito. Sehemu kubwa ya maneno tunayohitaji tunayo tayari vinywani.

Tuanze na kitenzi, maana wapo wanaokilaumu. Wanasema 'kupigwa picha' ni kauli ya ovyo kwa sababu hakuna anayepigwa. Lawama hiyo haina mashiko. 'Piga' ni kitenzi cha kazi nyingi: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga hesabu. Wazungumzaji wa Dholuo kule Homa Bay na Migori husema 'goyo picha', na 'goyo' ni kupiga vilevile. Kitenzi kiachwe kilivyo. Tatizo liko kwenye nomino.

Kwa mzungumzaji wa kawaida, picha ni ile ya kamera au ya simu. Mwanga wa jua au wa taa unafika usoni, unaakisiwa na kurudi kwenye kamera. Hakuna kinachomwingia mtu na kutokea upande wa pili. Ndiyo maana bibi harusi hupigwa picha mia moja kwa siku moja na hakuna anayemhofia. Tulipolichukua neno hili na kulipeleka hospitalini, tulilipeleka pamoja na utulivu huo wote. Kwa baadhi ya mitambo utulivu huo unastahili. Kwa mingine haustahili kabisa.

Mtambo wa kwanza ni eksirei. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Röntgen alibaini mionzi iliyopenya karatasi nyeusi na kung'arisha bamba lililopakwa kemikali. Hakujua mionzi hiyo ni nini, akaiita X, herufi ambayo wanahisabati hukipa kitu kisichojulikana. Majuma machache baadaye alipata picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikionekana waziwazi. Mwaka wa 1901 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Kwa hivyo neno 'eksirei' tulilolikopa limebeba ndani yake ungamo la mgunduzi kwamba hakijui alichokigundua. Sasa fizikia inakijua, lakini jina limebaki, na mgonjwa wa Ntimaru amerithi ile X.

Kinachotendeka ni hiki. Mionzi ya eksirei ni ya ukoo mmoja na mwanga, ila ina nguvu nyingi zaidi kiasi cha kupenya nyama. Kalisi iliyo ndani ya mifupa huimeza kwa wingi. Misuli humeza kidogo. Hewa ya mapafu huiacha ipite. Upande wa pili wa mwili kuna bamba linalopokea kilichosalia. Palipofikiwa na mionzi mingi huwa peusi, na palipofikiwa na michache huwa peupe. Kinachosomwa na daktari, basi, ni kivuli. Mchimba dhahabu wa Macalder anayepimwa kifua kwa sababu ya vumbi la mawe alilolivuta kwa miaka, huonyeshwa kivuli cha mapafu yake.

Lakini mionzi hii ina tabia moja ambayo mwanga wa kamera hauna: hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi inazozipitia, na kwa njia hiyo inaweza kuharibu vinasaba vya seli. Kiasi kinachotumika kupiga kifua ni kidogo sana, takriban milisiveti 0.1. Kwa wastani, kila binadamu hupokea takriban milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani, hewani na hata kwenye chakula. Hakuna sababu ya mtu kukimbia eksirei ya kifua anapoihitaji. Ipo sababu ya kuhesabu, na ya kumuuliza mwanamke kama ana ujauzito kabla ya kumpiga.

Mtambo wa pili ni siti-skani. Huu hutumia mionzi ileile ya eksirei. Tofauti ni kwamba unamzunguka mgonjwa, unachukua vivuli kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta inapiga hesabu na kuupanga mwili katika vipande, kama mkate uliokatwa tayari kwa chai. Mmoja wa waliofumbua hesabu hizo ni Mwafrika Kusini, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria suala hili mwaka wa 1956 alipokuwa akisimamia masuala ya mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliunda mashine yenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapimwa London mwaka wa 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 1979. Kwa kuwa vivuli ni vingi, mionzi nayo ni mingi: siti-skani ya tumbo hufika milisiveti 8 hadi 10, kadiri ya eksirei 80 au 100 za kifua.

Mtambo wa tatu, altrasaundi, hauna mionzi hata chembe. Unatumia sauti. Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Mashine hii hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde. Sauti hiyo huingia mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, ikagonga mpaka kati ya tishu moja na nyingine, na sehemu yake ikarudi. Mashine hupima muda wa safari. Sauti ikirudi baada ya sehemu 130 za milioni ya sekunde, kilichoirudisha kiko sentimita 10 ndani. Huo ni mwangwi. Mtoto wa Kuria anayepiga kelele akielekea kilimani na kungoja sauti imrudie ameshaijua fizikia ya altrasaundi. Popo naye anaijua, na huitumia kila usiku kuwinda.

Hapa kuna kosa jingine la lugha ninalotaka kulitaja. Yale majimaji baridi ya utelezi anayopakwa mama mjamzito tumboni tunayaita 'mafuta', na wengine huyaita 'dawa'. Si mafuta na wala si dawa. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya mashine na ngozi, kwa sababu hewa hurudisha karibu sauti yote kabla haijaingia mwilini. Mama akiambiwa hivyo, hataondoka akidhani ametibiwa.

Mtambo wa nne ni MRI. Nao pia hauna mionzi ya aina ya eksirei. Ni sumaku, na sumaku kweli: mashine ya tesla 1.5 ina nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia inayoelekeza dira. Mwili wa mtu mzima kwa kiasi kikubwa ni maji, na maji yana haidrojeni. Sumaku huvipanga viini vya haidrojeni, kisha mashine huvipigia mawimbi ya redio ya mitetemo karibu milioni 64 kwa sekunde, si mbali na masafa ya stesheni zetu za FM. Viini huyumba, vikirudi mahali pake hutoa ishara, na kompyuta huzigeuza ishara hizo kuwa picha. Hatari yake ni ya namna nyingine. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuingiwa na kipande kidogo cha chuma jichoni anaweza kupofuka, maana sumaku hukivuta na kukisogeza. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo lazima aseme kabla ya kukaribia mlango.

Jina la mtambo huu nalo lina funzo kwa wapenzi wa lugha. Wanafizikia waliozoea kazi hiyo maabarani waliiita kwa jina lenye neno 'nyuklia', wakimaanisha tu kiini cha atomi. Ilipoingia hospitalini neno hilo likaondolewa, kwa sababu wagonjwa walilihusisha na mabomu. Wenye lugha zao, basi, walitambua kwamba jina la mashine ni sehemu ya huduma, wakalirekebisha kwa ajili ya masikio ya mgonjwa. Sisi tumepokea kifupisho cha herufi tatu ambacho hakimtishi mtu, ila pia hakimwambii kwamba anakaribia sumaku.

Sasa tulirejelee neno 'skani'. Nalikosoa hili kuliko 'picha'. Katika mazungumzo ya kila siku, altrasaundi ni skani na siti-skani ni skani. Kiasili neno hili linaeleza mwendo tu, kupitisha kitu juu ya kingine hatua kwa hatua. Halisemi ni nini kinachopitishwa. Mwanamke mjamzito huambiwa kliniki, "Mama, nenda ufanyiwe skani," naye anaenda bila wasiwasi, na inafaa aende: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Sasa mchukulie mwanamke yuyo huyo, ujauzito ukiwa mchanga na haujaonekana, ameanguka kutoka kwenye bodaboda na kugonga kiuno. Anaambiwa tena, "Utafanyiwa skani." Kwake skani ni ile ya kliniki, isiyo na neno. Kwa nini ataje ujauzito? Hakuna aliyemdanganya, wala hakuna aliyezembea kwa makusudi. Neno moja limetumika kwa sauti asubuhi na kwa mionzi jioni.

Kinyume chake pia hutokea. 'Mionzi' katika masikio ya wengi ni tiba ya saratani, ile ambayo watu husema mgonjwa "anachomwa". Kipimo cha siku moja cha tiba hiyo huzidi cha eksirei ya kifua kwa maelfu ya mara. Aliyesikia kwamba mashine za picha zina mionzi, akadhani zote ni moja, anaweza kuikataa altrasaundi ambayo ingemjulisha mapema kwamba mtoto amelala vibaya. Ukimsikia mtangazaji wa redio akisema 'mionzi ya altrasaundi', ujue ametia chumvi kwenye kidonda hiki.

Suala hili lina uzito wa pekee Ntimaru. Mahali hapa ni Kuria Mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Mgonjwa mzee aghalabu anajieleza vyema zaidi kwa Igikuria, huku muuguzi akawa ni mzungumzaji wa Dholuo au Ekegusii. Wanakutana katika Kiswahili. Kiswahili hicho kikiwa hafifu, hakuna lugha nyingine ya kuwaokoa, kwa maana hata mkaza mwana anayemtafsiria mzee atatafsiri 'picha' kuwa picha. Isitoshe, mkalimani hawezi kuweka ndani ya tafsiri kile ambacho hakikuwa katika kauli aliyoisikia.

Huenda msomaji akadhani kwamba dawa ni kuiga jirani. Ng'ambo ya mpaka, Tarime, Kiswahili ndicho lugha ya kawaida ya hospitali, na wanafunzi wa shule za msingi za umma hufundishwa sayansi kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la kuonewa wivu, kwa sababu mtoto wetu wa Ntimaru husoma sayansi kwa Kiingereza na kuugua kwa Kiswahili. Hata hivyo, huko nako majina yanayotawala ni 'eksirei' na 'altrasaundi', maneno ya mkopo yaliyovishwa irabu. Mkopo si dhambi. 'Daktari' na 'hospitali' ni mikopo pia na hakuna anayelalamika. Lakini 'daktari' hahitaji kujieleza, kwa kuwa tunamwona akifanya kazi. Mionzi haionekani, haisikiki wala hainuki. Jina lake ndilo dirisha pekee alilo nalo mgonjwa, na mkopo usiofafanuliwa ni dirisha lililopigwa rangi.

Kundi la pili ni la wabunaji. Hawa hawakulala. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na kazi za istilahi za aina hiyo zimetupa maneno kama 'mnururisho', lenye mzizi 'nuru'. Kifizikia ni neno zuri, maana eksirei na nuru ni ndugu kweli. Ila mpelekee neno hilo mkulima wa tumbaku aliyekaa kwenye benchi akishika kifua, uone kama utakuwa umemsaidia. Istilahi ya kitabuni ina kazi yake kitabuni. Kosa ni kudhani kwamba neno likishaingia kamusini limeshafika wodini.

Pendekezo langu ni la kati. Tuyaache majina ya mkopo kama lakabu za mashine, kwa sababu fomu za hospitali zinayatumia, lakini kila jina liandamane na neno la Kiswahili linalotaja kinachoingia mwilini. Eksirei iwe 'picha ya kivuli'. Siti-skani iwe 'picha ya vivuli vya vipande'. Altrasaundi iwe 'picha ya mwangwi', na pale ambapo 'mwangwi' litaonekana ni la kishairi mno, 'picha ya sauti' inatosha. MRI iwe 'picha ya sumaku'. Neno 'mionzi' litengewe hizo mbili za kwanza pekee. Nalo 'skani' lisitamkwe peke yake hospitalini.

Naona pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba 'kivuli' kinaeleza jinsi picha inavyotokea ila hakitaji hatari. Kivuli cha mwembe hakimdhuru mtu. Pingamizi hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba neno 'mionzi' liandamane nacho kila mara. Ya pili ni kwamba wahudumu hawana muda wa hotuba. Hotuba haihitajiki. Sentensi mbili zinatosha. "Dada, hii ina mionzi kidogo; una ujauzito, ama unadhani unaweza kuwa nao?" "Mama, hii ni sauti tu, haina mionzi. Haya majimaji ni ya kuondoa hewa, si dawa." "Mzee, hii mashine ni sumaku kubwa. Kuna chuma chochote mwilini, hata kidogo?" Linganisha na "Lala hapo tukupige picha." Tofauti ya muda ni sekunde kumi.

Wala hili si ombi la hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, panapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kisomo. Mgonjwa aliyeambiwa 'picha' na kukubali, amekubali nini hasa? Idhini inayotolewa juu ya neno lisilo na maana mahususi ni idhini ya jina tu.

Mwaka wa 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu, zikiwemo mashine za picha, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Mengi yalisemwa kuhusu mpango huo, hata Seneti ikauchunguza: gharama, mikataba, mashine zilizokaa bila wa kuziendesha. Katika kelele zote hizo suala la lugha halikupata nafasi. Mabilioni yalihesabiwa, na hakuna aliyeuliza mgonjwa ataambiwa nini akilazwa chini ya mashine hizo.

Kazi iliyobaki ni ndogo na haingoji Nairobi. Idara za afya za Migori na Homa Bay zinaweza kubandika karatasi moja kwenye mlango wa kila chumba cha mashine: jina la mkopo, jina la Kiswahili, kinachoingia mwilini, na jambo moja ambalo mgonjwa lazima aliseme kabla ya kuingia. Walimu wa Kiswahili wa Kuria na Suba wakae na wataalamu wa eksirei alasiri moja waiandike, kisha iwekwe pia kwa Igikuria na Dholuo. Sisi waandishi na watangazaji nasi tuache kuandika 'picha' na 'skani' kana kwamba tumemaliza kueleza. Na wewe msomaji, ukiambiwa uende ukapigwe picha, uliza kabla hujavua shati: ni ya mionzi, ya sauti, ama ya sumaku?